Utakuwa Sawa

Mto Tana pale Sagana, Aprili 2024, ulikuwa na rangi ya chai ya kibanda. Ulikuwa unabeba vitu: mgomba mzima na mizizi yake, jerikeni, matawi, kiatu kimoja cha mtoto. Tulisimama ukingoni watu saba, kila mmoja na kayaki yake. Wawili walikuwa watu wa mashindano, wale ambao hata wakikunywa maji wanaangalia saa. Wawili, mimi mmojawapo, tulikuwa wa katikati: tunajua kiasi cha kujivunia, si kiasi cha kumsaidia mtu. Watatu walikuwa wageni kabisa. Mmoja wa hao wageni alikuwa binamu yangu, na mimi ndiye niliyemtoa Malinya kumleta.

Aliyekuwa mbele yetu aliuliza, "Kuna mtu anataka kutoka?"

Kimya.

"Sawa. Twende."

Ule ukimya nimeufikiria kuliko nilivyowahi kufikiria uhusiano wowote wa mapenzi niliokuwa nao. Mtu akinyamaza, amekubali? Na wewe unayejua zaidi yake, ambaye unamwona anakaza mkanda wa helmeti mara ya tatu ilhali haujalegea, unadaiwa nini? Mimi nilimwona. Nikamsogelea, nikampiga begani, nikamwambia maneno mawili ambayo huwa tunayatoa kama sarafu kwa mtu wa mtaani: "Utakuwa sawa."

Wacha kwanza nieleze mto, kwa sababu bila kuuelewa hili swali linaonekana dogo. Maji ya kasi hupimwa kwa kipimo cha kimataifa, daraja la 1 hadi la 6. La 1 ni maji ya kupigia picha. La 6 ni maji ambayo wengi waliobobea huyatazama, wakayasalimu, wakaondoka. Lakini mvua haisomi vipimo. Mto ukijaa, mawe uliyoyajua yanafunikwa. Zile sehemu za nyuma ya mawe, ambapo maji hutulia na kugeuka na wewe ukapata kupumua, zinafutika. Miti ya ukingoni inaangukia ndani, na mti ulioanguka ndio hatari mbaya kuliko zote, kwa sababu maji hupita katikati ya matawi lakini mtu hapiti. Mto ule ule uliokuwa wa wanafunzi mwezi wa pili, mwezi wa nne ni mto mwingine wenye jina la zamani.

Mgeni haoni hayo. Anaona maji mengi tu. Wahenga walishasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Binamu yangu ni mwogeleaji, ameoga Mto Yala tangu akiwa mdogo, na nadhani hiyo ndiyo iliyomponza na kuniponza mimi. Nilidhani anayejua mto mmoja anajua mito.

Kwenye kona ya tatu nilimwambia, "Nifuate mimi." Nikapita kushoto, karibu na ukingo, njia nyembamba niliyoiamini. Nilipita. Yeye alichelewa kupiga kafi pengine sekunde moja. Kulikuwa na mti. Nilipogeuka niliona kayaki imepinduka na mkono mmoja umeshika tawi. Kurudi juu sikuweza. Maji hayarudi, na mimi sikuwa na nguvu za kushindana nayo. Waliomtoa ni wale wawili wa mashindano. Walikuwa wameshatia nanga mbele, wakakimbia kwa miguu ukingoni na kamba. Alikaa pale dakika ngapi sijui. Baadaye kila mtu alikuwa na hesabu yake.

Alitoka na bega limeteguka na macho ambayo sikuyajua. Usiku, hospitalini, aliniambia polepole, kama mtu anayeomba radhi: "Sista, mimi nilijua sifai kuingia. Lakini ningeanzaje kukataa na wewe, msichana, umeshaingia?"

Sasa, najua utakachosema, kwa sababu nimejiambia mwenyewe mara nyingi. Huyo ni mtu mzima. Aliulizwa. Alitia sahihi fomu. Kumzuia mtu mzima asifanye analotaka ni dharau nyingine yenye sura ya upendo. Nakubali, na sina hamu ya kuwa yule shangazi anayekataza watu kupanda miti.

Lakini angalia kukubali kunakohitaji. Hendri Coetzee alikuwa Mwafrika Kusini aliyeongoza watalii kwenye Nile pale Jinja. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kuufuata Nile kutoka Uganda hadi Bahari ya Mediterania. Desemba 2010 alikuwa kwenye mto Lukuga, mashariki mwa Kongo, akiwaongoza Wamarekani wawili, wote wapiga kafi wakubwa, pale mamba alipomtoa kwenye kayaki. Alikuwa na miaka 35. Simulizi hiyo inatisha, lakini sioni kosa la kimaadili ndani yake. Alijua mito ile ina mamba. Alijua anachoweka mezani. Uzoefu haukumpa usalama, ila ulimpa kitu kingine: ulifanya uamuzi ule uwe wake.

Binamu yangu uamuzi haukuwa wake. Ulikuwa wangu, yeye akaubeba kwa bega lake. Ili useme ndiyo ya kweli unahitaji kujua mambo mawili: maji yanaweza kukufanya nini, na ukikataa itakugharimu nini. La kwanza hakulijua kwa sababu sikumwambia. La pili alilijua vizuri mno. Kukataa kungemgharimu hadhi yake mbele yangu, na hadithi ambayo ingemtangulia nyumbani.

Kuna methali ambayo sote tumelelewa nayo: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeipenda tangu shule ya msingi. Ni methali ya watu wasiotoroka. Lakini siku hizi naitazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini sina budi? Nikishavua nguo ndipo nikaona maji yamebeba mgomba, nani kasema siwezi kuvaa tena?

Nauliza hivi kwa sababu si mto pekee ulionifundisha. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu. Nilijua mwaka wa kwanza, muhula wa pili, kwamba ile kozi hainiingii. Lakini Mama alikuwa ameuza ng'ombe, kanisa lilikuwa limefanya harambee, na jina langu lilikuwa limesomwa pale mbele watu wakapiga makofi. Nguo zilikuwa zimeshavuliwa, tena hadharani. Kwa hivyo nikaoga, mwaka mzima zaidi ya nilioweza, na karo ya mwaka huo ilizama pamoja nami. Waliokuwa mbele yangu, wale wa kupata alama za juu bila jasho, waliniambia maneno yale yale: utakuwa sawa. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaona mto wao.

Kuna mtu atasema suluhisho ni rahisi: wageni wakae na wageni, wakali wakae na wakali. Sikubali. Kila mkali niliyemwona Sagana alijifunza kwa kumfuata aliyemzidi. Ukiwatenga wageni utakuwa na vipofu wanaoongozana vipofu, na wakali wasiojua hata kueleza wanachokijua. Kuchanganyika ni kuzuri. Tatizo ni kuchanganyika huku mwendo ukipangwa na walio mbele na gharama ikilipwa na walio nyuma.

Nilipolikwama swali hili nilirudi nyumbani, Malinya. Kama hujawahi kufika, tunajulikana kwa mapigano ya mafahali. Asubuhi na mapema ngoma za isukuti zinalia, watu wanakimbia na matawi mikononi, na fahali analetwa uwanjani kama bwana harusi. Watu wa mjini wakisikia wanadhani ni fujo. Lakini kuna adabu pale. Kabla ya pambano watu wazima wanawatazama mafahali, ukubwa wao, na rekodi zao. Kumleta ndama aliyekua juzi mbele ya fahali aliyekomaa kunamwaibisha mwenye fahali mkubwa. Na la muhimu zaidi: fahali akigeuka akakimbia, mchezo umeisha. Hakuna anayemburuta arudi.

Nilikuwa nimefurahi sana kugundua hilo. Nikamwambia babu yangu kwamba sisi Waidakho tumeshalijibu swali: haki ya kukimbia. Babu akacheka. Akaniuliza, "Na anayekimbia kila mara, unadhani mwisho wake anaenda wapi?"

Buchari.

Hapo ndipo nilipoona nilikuwa nauliza swali nusu. Haitoshi kumwambia mtu anaweza kutoka. Lazima uangalie atakuta nini akishatoka. Yule aliyetuongoza Sagana alitupa haki ya kutoka, kwa sauti, mbele ya wote. Lakini ukingoni kulikuwa na kisu: kicheko, hadithi ya nyumbani, safari ndefu ya kurudi peke yako ndani ya gari. Haki ambayo bei yake ni aibu ni haki ya watu wenye ngozi ngumu tu.

Na kabla sijajisikia mwanafalsafa sana, kuna jambo lilinishusha. Tarehe 28 mwezi huo huo, chini kabisa ya mto huo huo, mashua iliyojaa watu ilizama Kona Punda, eneo la Madogo karibu na Garissa. Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Baadhi waliokolewa, wengine hawakutoka hai. Mvua za msimu ule ziliua watu zaidi ya 200 nchini. Video ya ile mashua ilizunguka kwenye simu zetu, labda nawe uliiona. Maji yaliyopita kwenye kayaki yetu Sagana, tukiyaita burudani, yalikuwa yanashuka kuelekea kwa watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kutoka. Wao walikuwa wanataka kuvuka tu.

Sikuandika hili ili ujione mwenye hatia ukienda kucheza majini. Mimi mwenyewe bado naenda. Naliandika kwa sababu linaonyesha kuchagua ni mali, na mali hiyo si kila mtu anayo. Sasa, kama unayo, na unayo ya kutosha kumgawia aliye nyuma yako, ukamnyima kwa neno "utakuwa sawa", umefanya nini? Umemweka kwenye mashua ya Kona Punda bila mafuriko kumlazimisha.

Kwa hivyo nadhani anayejua zaidi anadaiwa vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kati yake kinachohitaji kumkataza mtu.

Cha kwanza, aseme anachokijua badala ya anachotamani. "Kona ya tatu ina mti. Ukiukaribia, mimi sitaweza kurudi kukutoa." Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia binamu yangu. Ni maneno magumu kidogo kuyatamka, na yangempa kila kitu.

Cha pili, aulize mmoja mmoja, pembeni, kabla nguo hazijavuliwa. Swali linaloulizwa mbele ya watu saba huwa linajibiwa na watu saba.

Cha tatu, na hiki ndicho kizito, aliye na nguvu awe wa kwanza kutoka. Wapiga kafi wana desturi nzuri: mahali popote mtu anaweza kushuka, akaweka kayaki begani, akatembea kando ya mto hadi maji yatulie, na haulizwi kwa nini. Lakini desturi hiyo hufa kama wanaobeba ni wageni peke yao. Bingwa akisema, "Leo hapa mimi nabeba," kisu kinaondoka ukingoni. Anapoteza dakika kumi na sifa kidogo. Aliye nyuma yake anapata kuamua kwa mara ya kwanza.

Utaniambia bingwa hawezi kujifanya mwoga kila wikendi kwa ajili ya wageni. Sawa. Si kila wikendi. Siku ambayo mto umejaa na nyuma yake kuna mtu anakaza mkanda mara ya tatu.

Bega lilichukua miezi kupona. Novemba, mvua fupi zikiwa zimeanza, binamu yangu aliniambia anataka kurudi Sagana. Sikumwambia atakuwa sawa. Nilimwambia mto umepanda, ila si kama Aprili, na kwamba kona ya tatu sijui ina nini. Tulipoikaribia nilitia nanga mapema, nikashuka, nikainua kayaki begani. Sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu maji yakimwagika kutoka kwenye kayaki yake, naye akishuka.

Tulipita kwenye kijia kati ya nduma na maharagwe, kayaki zikitugonga masikio. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alisimama akatutazama kwa muda.

"Mbona mnabeba mashua na mto uko hapo?"

"Umejaa, mama," binamu yangu akajibu.

"Haya basi. Piteni huku juu, msinikanyagie maharagwe."