Kilichofukiwa Chini ya Hema

Vijana wa Kasese na Bwera, fungueni kitabu cha Yoshua, sura ya 7. Akani alifukia vazi, fedha na dhahabu chini ya hema lake, akanyamaza. Jeshi lilipopanda kwenda Ai, waliuawa watu wapatao 36, na Akani hakuwa mmoja wao. Walikufa wenzake, wasiojua lolote juu ya kilichofukiwa.

Nasema nanyi mnaotaka kuvaa gwanda, ninyi mnaoomba usiku na mchana mfike Kabamba, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Uganda, mtoke huko na cheo begani. Tamaa yenu ni njema. Lakini jeshi linapoandikisha, hujitokeza vijana wenye vyeti vya kughushi, wengine wakitumia jina na alama za mtu mwingine. Na wapo ambao cheti chao ni halali kwa muhuri tu: walipofanya mtihani wa kidato cha nne (S.4) walinong'onezewa majibu, wakaandika wasichokielewa. Mbele ya Mungu sioni tofauti kati ya hao wawili.

Mnajua kwamba Sheria ya Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB) ya mwaka 2021 yaweza kumfunga mwenye hatia ya kuiba mtihani hadi miaka 10. Siwahubirii jela. Anayeogopa jela peke yake atatafuta ujanja wa kutokamatwa, na atakayeumia ni mwingine.

Kumbukeni Juni 2019. Mtoto wa miaka mitano alivuka mpaka kutoka Kongo akiwa mgonjwa, akafikishwa Hospitali ya Kagando. Wahudumu wakamtazama, wakashuku Ebola, wakampeleka kwenye kituo cha matibabu ya Ebola Bwera. Mtoto yule alifariki, na ndugu zake wawili pia, lakini ugonjwa haukuenea katika wilaya yetu. Wale wahudumu walikuwa wamefundishwa dalili, nao walijifunza kweli. Je, kama mmoja wao angekuwa amenunua majibu? Ni mama yupi wa Kasese angezikwa kwa sababu ya alama alizoiba mtu asiyemfahamu?

Basi pimeni kazi ya afisa. Atasoma ramani ya mabonde ya Rwenzori gizani. Atakokotoa umbali kabla mzinga haujalia, na chini ya mlima kuna nyumba za watu. Hapo hakuna wa kumnong'oneza. Nanyi wa Mpondwe sihitaji kuwaeleza maana ya ulinzi: tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Katika mji uliozika watoto hao, mnathubutuje kwenda kuomba bunduki kwa karatasi ya uongo?

Msiseme ni umaskini wetu unaotusukuma. Huko West Point, Marekani, ambako kadeti husomeshwa kwa gharama ya serikali na hufungwa na kanuni ya kutodanganya, mwaka 2020 kadeti 73 walituhumiwa kuibia mtihani mmoja wa hesabu. Hawakukosa chakula wala vitabu. Dhambi hii hukaa moyoni, kwa tajiri na kwa maskini.

Wazazi, mnauza kahawa na kuchanga fedha mkinunua majibu, kisha mnaita hayo upendo! Walimu, mnamfundisha mtoto kuiba kabla hajafundishwa kufikiri, nanyi mtaulizwa juu yake.

Nawe uliye na cheti cha kughushi chini ya godoro, usikipeleke kwenye usaili. Kiteketeze leo. Jiandikishe upya shuleni ufanye mtihani, uketi na wadogo zako bila haya, usome hesabu ile uliyoikimbia. Ukipata alama ndogo, zichukue, ni zako. Jeshi likikukataa mwaka huu, rudi shambani Mubuku au sokoni Mpondwe ufanye kazi, ukisoma jioni, na mwakani panga mstari tena.