HEKIMA YA KIFUNGO DHAIFU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu zetu Waislamu, watu wengi hudhani kuwa kilicho bora ni kile chenye nguvu, na kuwa udhaifu ni ila. Lakini muulizeni baharia: je, tanga hufungwa kwa fundo lisilofunguka? Atakujibuni kuwa fundo la namna hiyo, siku ya tufani, huzamisha chombo na watu wake. Basi jueni kuwa miili yetu nayo imejengwa kwa hekima iyo hiyo.

Wataalamu wa kemia watufahamisha kuwa viko vifungo vya nguvu, kama kile kinachoshikanisha haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli moja ya maji. Na viko vifungo dhaifu, kama kile kinachoivuta molekuli hiyo kwa jirani yake, ambacho nguvu zake ni kama sehemu moja katika 20 ya kile cha kwanza. Hiki hukatika na kufungika tena upesi kuliko kupepesa jicho. Lakini lau si hicho, maji yangalikuwa mvuke katika joto letu hili, wala pasingalikuwa na bahari, wala kisima, wala kiumbe hai.

Tazameni tena utepe wa DNA, unaohifadhi nasaba ndani ya seli zetu. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakitegemea pia kazi ya Rosalind Franklin, walibainisha kuwa umbo lake ni kama ngazi iliyosokotwa. Miti yake miwili ya pembeni ina vifungo vya nguvu. Ama vidato vyake vimeshikana katikati kwa vifungo dhaifu, viwili au vitatu kwa kila kidato. Kwa nini? Kwa sababu ngazi hiyo haina budi kufunguliwa, ili yaliyomo yasomwe, na yanakiliwe kabla ya seli kugawanyika. Wala haiachani ovyo, kwani katika nakala moja ya nasaba ya mwanadamu mna vidato kiasi cha bilioni 3. Udhaifu wa kimoja umesitiriwa na wingi wa wenziwe.

Na katika damu mna ibra iliyo karibu zaidi na nyumba zetu. Himoglobini, inayoipa damu wekundu wake, hupokea oksijeni mapafuni na kuiachilia penye haja. Lau ingaliishika isiiachie, tungalikufa. Na hayo ndiyo yanayotokea makaa yakiwaka katika chumba kisichopita hewa: hutoka gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hulala na seredani ndani, madirisha yamefungwa, na asubuhi hukutwa maiti. Asije mtu akasema kuwa amepigwa na jini! Ameuawa na kifungo kilichokataa kufunguka. Basi ni wajibu wa kila mwenye nyumba kutoa seredani nje kabla ya kulala, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

Wako kati yetu wanaosema kuwa elimu hii ni ya wageni na haina faida katika dini. Twawauliza: tumeamrishwa kuzingatia viumbe, na ataizingatiaje damu yake asiyejua inavyofanya kazi? Wasomesheni watoto wenu, wa kiume na wa kike.

Aliyeweka uhai wetu juu ya vifungo dhaifu hakushindwa kuumba vya nguvu. Alijua kuwa kiumbe hai huhitaji kushika, na huhitaji pia kuachia.

Wabillahi tawfiq.