Bunduki Isiyotoka Kiwandani

Tarehe 8 Julai 2022, katika mji wa Nara, nchi ya Ujapani, Bwana Shinzo Abe, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, alipigwa risasi akihutubia watu barabarani, akafa siku ile ile. Tangu mwaka 1958 nchi ile ina sheria ya bunduki iliyo kali kupita za mataifa mengi. Na muuaji hakuiba bunduki, wala hakuinunua kwa magendo. Aliiunda mwenyewe nyumbani, kwa mabomba ya chuma yaliyofungwa pamoja kwa utepe.

Basi wako wasemao: Sheria yafaa nini, ikiwa mtu aweza kujifungia chumbani na kutoka na silaha? Neno hili si la kupuuzwa, maana siku hizi si mabomba tu. Ipo mashine iyeyushayo plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata mchoro uliomo katika kompyuta, mpaka kitu kizima kimetokea. Hutengeneza vikombe, vipuri, hata mikono ya bandia kwa waliokatika. Mwezi wa Mei 2013, huko Texas, Marekani, kijana mwanafunzi wa sheria, Cody Wilson, alifyatua bastola iliyoundwa karibu yote kwa mashine hiyo, akautangaza mchoro wake katika intaneti. Serikali ilimwamuru auondoe baada ya siku chache. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuuchukua mara 100,000 hivi. Maji yalikuwa yamemwagika.

Ili tufahamu ugumu wenyewe, tukumbuke jinsi sheria hizi zilivyojengwa. Zilidhani kwamba bunduki hutoka kiwandani, hupita dukani, hufika mkononi mwa mnunuzi. Na kila kituo kina namba, daftari na leseni yake. Aundaye nyumbani huviruka vituo vyote. Wamarekani wamejaribu kuziba ufa mmoja: kanuni ya mwaka 2022 yataka vifurushi vya vipande, viuzwavyo ili mnunuzi aviunge mwenyewe, vihesabiwe kuwa bunduki, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu iliikubali kwa kura saba dhidi ya mbili. Lakini kifurushi kina mwuzaji. Mchoro huenea tu. Ujapani nao, mwaka 2024, waliweka adhabu juu ya wachocheao watu hadharani, hata kwa njia ya intaneti, wawe na bunduki za haramu. Hapo sheria imeacha kushika chuma, imeanza kushika maneno. Na mwenye busara hana budi kuingiwa na hofu kidogo, maana serikali ikizoea kuyafunga maneno ya wabaya, haikawii kuyafunga na ya wema.

Tena wako watuulizao juu ya Myanmar. Majeshi yaliponyakua utawala Februari 2021, baadhi ya vijana waliowapinga waliunda bunduki kwa mashine hizo hizo. Je, tuwahukumu sawasawa na muuaji wa Nara? Hatuthubutu. Lakini haki ya watu kujilinda si haki ya kila mtu kuwagawia silaha asiowajua.

Uhunzi wa bunduki si mgeni kwetu. Magobore yamefuliwa vijijini tangu zamani, na twajua madhara yake. Lakini mhunzi humwona anayemfulia. Ajua ni mwana wa nani, kama ni mlevi, kama ana ugomvi wa shamba na nduguye. Akimpa, amempa kwa macho yake, na lawama yaweza kumfika. Wayunani wa kale waliuliza kama ni haki kumrudishia rafiki silaha aliyoiweka amana, akija kuidai hali ameingiwa na wazimu. Wakajibu kwamba si haki, ijapokuwa ni mali yake. Swali lile ladhani kwamba mtoaji aweza kumtazama mwombaji usoni. Autangazaye mchoro kwa ulimwengu mzima amejinyima hilo kwa hiari: ampa mwindaji, ampa mwenye wazimu, ampa mtoto wa shule mwenye kisasi, wala hajui. Kusema, "Mimi nimetoa elimu tu," hakumtoshi. Kumfundisha mtu jinsi baruti iwakavyo ni elimu kweli. Mchoro ulio tayari, ambao mashine yautii bila mwenyewe kujifunza lolote, uko karibu zaidi na chombo kuliko neno. Na sheria yaweza kuugusa bila kumfunga mtu mdomo.

Je, itafaulu? Si kwa wote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila ovu, bali hasa yale yadhuruyo wengine, ambayo yasipokatazwa jamii haiwezi kusimama. Sheria ya wizi haijakomesha wizi, wala hatujasikia mtu akitaka ifutwe. Na yule wa Nara, ambaye huletwa kuwa ushahidi kwamba sheria ni bure, hakuweza kuingia dukani asubuhi na kuua jioni. Sheria ilimpitisha njia ndefu: miezi mingi ya kukata na kuunga, peke yake katika chumba cha kupanga, na watu wakipita nje ya mlango wake kila siku.