Taa Ndogo na Ndege Kubwa



Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972 ndege kubwa ya Marekani, iliyotoka New York, ilikaribia kutua Miami, nayo ilikuwa na watu 176. Magurudumu yaliposhushwa, taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Basi marubani hawakutua; walipanda hata futi 2,000, wakaiachia mashine kuongoza ndege, nao wakaishughulikia taa. Hilo lilikuwa jema, maana dalili ya hatari haifai kudharauliwa. Lakini wote walishikwa na habari ya taa, wala hakusalia hata mmoja wa kuuangalia mwendo wa ndege. Mashine ikaacha kushika kimo pasipo wao kujua, ndege ikashuka polepole gizani. Kengele ya kuwaonya ililia, wala hakuna aliyeiangalia. Ikaanguka katika kinamasi cha Everglades, wakafa watu 101. Baadaye ikaonekana ya kuwa gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Kilichoharibika ni taa tu.

Nasi tujipime. Martha hakuonywa kwa sababu kazi ni mbaya, bali kwa sababu shughuli nyingi zilimvuta mbali na lililo kuu. Huenda bati la kanisa likavuja, na wazee wote wakashindana miezi mingi juu yake, huku wagonjwa hawatembelewi na watoto hawafundishwi. Bati na litengenezwe! Lakini tumweke mmoja wa kulitengeneza, na wengine tukeshe juu ya roho za watu. Bwana atupe macho ya kukesha. Amina.