Deni la Dagaa

Kila redio inapotangaza mkutano mwingine wa bahari au wa tabianchi, vijana wa Sumbawanga hutuuliza sisi wazee swali lilelile: sisi wa huku yanatuhusu nini? Siwaoni kuwa wajeuri. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na wapo watu wenye wajukuu ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi. Mkulima wa mahindi wa Laela au Kaengesa, anayeota moto asubuhi kwa baridi ya Juni, akiambiwa ailinde bahari ana haki ya kucheka kidogo.

Hata hivyo, swali lao lina jibu. Tuanze na mito. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa Ufipa hushuka bondeni mpaka Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kulitoa maji. Udongo unaoingia humo haupiti kwenda kwingine. Mvua ya upande wa magharibi hushukia Ziwa Tanganyika, nyingine kwa Mto Kalambo unaojitupa zaidi ya mita 200 kabla haujafika ziwani. Ziwa nalo lina mlango wake Kalemie, upande wa Kongo. Maji hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia Lualaba, yakawa Mto Kongo, yakamwagika Atlantiki. Kwa hiyo mama anayefua kijitoni karibu na Matai ana njia ya maji mpaka baharini, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia.

Na bahari hutulipa kwa mvua, wakati mwingine kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida upande wetu huku upande wa Indonesia ukipoa. Afrika Mashariki ikanyeshewa hadi tukachoka, na mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika likapanda, likafuata watu kwenye nyumba zao za mwambaoni. Hakuna aliyeambiwa achague kama bahari inamhusu.

Ila sijakaa kuandika ili nifundishe jiografia. Nataka tuzungumze kuhusu mwezi mmoja, Mei 2024.

Tarehe 4 ya mwezi huo Kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini, na mafuriko yakakata barabara ya Lindi pale Somanga. Tarehe 15 Serikali ikafunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Tarehe 21, mjini Hamburg, Ujerumani, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikatoa maoni yake ya ushauri, yaliyoombwa na tume ya nchi ndogo za visiwani. Majaji walisema kwa kauli moja kwamba gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa bahari kwa maana ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, na kwamba nchi wanachama zinawajibika kuuzuia, kuupunguza na kuudhibiti. Watanzania si wageni katika mahakama hiyo: Joseph Warioba alikuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza, na baadaye James Kateka akakaa hapo kwa miaka mingi.

Kimbunga kiliwafika watu wa pwani, kufungwa kwa ziwa kukawafika wavuvi wa Kasanga, Wampembe na Kirando, na maneno ya Hamburg yakawafika wanasheria. Ni wachache walioyaona kuwa jambo moja.

Wala tusiwalaumu sana wasioona hivyo, kwa sababu wakubwa wa dunia wenyewe walichelewa. Mkataba wa bahari uliandikwa mwaka 1982, wa tabianchi mwaka 1992, na kila mmoja ukawa na sekretarieti yake, mikutano yake na wataalamu wake. Wa bahari walihesabu samaki na mafuta yanayomwagwa na meli. Wa tabianchi walihesabu mabomba ya moshi na misitu. Muda wote huo bahari ilikuwa ikibeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilolisababisha, na karibu robo ya hewa ya ukaa. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 uliitaja bahari kwenye utangulizi tu, pale ambapo maneno mazuri huwekwa bila kumbana mtu. Ilibidi tufike Glasgow mwaka 2021 ndipo mazungumzo ya kila mwaka kuhusu bahari yakapewa nafasi ya kudumu katika vikao vya tabianchi.

Hii ni tabia ninayoijua kutoka vikao vya ukoo. Mama anaumwa. Kaka anasema dada ndiye anayekaa karibu, dada anasema kaka ndiye mwenye mshahara. Wote wawili wanasema kweli, na mama analala bila dawa. Tukija kwenye ziwa letu, ukweli wa namna hiyo tunao tele.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina hewa ya kuwatosha samaki. Chakula cha dagaa huanzia kwenye virutubisho vilivyolala huko chini. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei, upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, yaani kwetu Kasanga na kwa wenzetu wa Mpulungu, maji ya chini hupanda na virutubisho vyake. Vijimea vidogo hustawi, vijidudu vya majini huvila, dagaa hula vijidudu, na migebuka hula dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi mno, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika, na upepo uleule hauwezi tena kazi yake ya zamani. Baharini nako mambo huenda vivyo hivyo.

Mwaka 2003 una somo lake. Juni, nchi nne zilisaini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa. Agosti, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature makadirio kuwa kustawi kwa vijimea vya ziwani kulikuwa kumepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo huenda limepunguza samaki kwa takriban asilimia 30, na sababu waliyoitaja ni joto na upepo uliopungua. Mwaka 2016 utafiti mwingine, wa tope la sakafu ya ziwa, ulionyesha kuwa samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20.

Sasa sikiliza watu wanavyoutumia ukweli huo. Mwenye kokoro, wavu unaokomba hadi vifaranga, amesikia habari ya joto na anafurahi: si mimi, ni tabianchi. Ofisa asiyetaka usumbufu wa doria husema hivyohivyo, tena kwa lugha ya semina. Upande wa pili yuko anayemtwisha mvuvi kila kitu, kana kwamba kijana wa Kirando mwenye mtumbwi na taa nne ndiye aliyelipasha ziwa joto. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia. Ukimsimamisha mvuvi wa Nkasi au mama muuza mkaa wa Sumbawanga mbele ya dunia kama mshtakiwa wa kwanza, unamsingizia, na kumsingizia maskini ni dhambi hata ukifanya hivyo kwa jina la mazingira.

Nasaha yangu kwenu vijana ni hii: msikubali sababu moja ijifiche nyuma ya nyingine. Joto limeletwa na wengine, nanyi mna haki ya kudai. Kokoro ni letu. Deni analokudai jirani halifuti deni unalomdai wewe. Yote mawili yanalipwa, kila moja na mwenyewe. Wapo wanaosema kwamba tukitaka kudai kwa wenye viwanda lazima kwanza tuwe wasafi. Sikubaliani nao. Aliyeibiwa ana haki ya mali yake hata kama naye si mtakatifu. Lakini anapokwenda kudai aseme kweli kuhusu kilichoibwa, asiongeze na alichokila mwenyewe.

Kuhusu moto wa vilimani, ambao nao ni deni letu, nitasema kidogo. Babu zetu wa Ufipa walikuwa na kilimo cha intumba. Waligeuza nyasi na udongo wakazifunika ndani ya vichuguu, zikaoza zikawa mbolea, kisha wakapanda. Tusiwafanye malaika, maana walichoma nyasi pia, na malungu, yaani matanuri waliyofulia chuma, yalikula miti mingi. Hata hivyo, katika intumba walijua kuwa nyasi iliyozikwa ni akiba. Leo mtu anawasha kiberiti Agosti ili aone mlima umekuwa mweusi, na mvua za kwanza zinateremsha udongo ule mpaka ziwani, ukafunika mawe ambako samaki wa mwambao hutaga. Ukimuuliza sababu, hana. Huyu simhesabu pamoja na wenye shida. Anacheza, na mchezo wake unalipiwa na mtu wa Kasanga.

Kinachoniuma zaidi ni jambo dogo, na linawahusu watu wenye heshima zao hapa mjini.

Wavuvi wa dagaa tangu zamani wamekuwa na mapumziko yao. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupandishwa mchangani hadi giza lirudi. Kwa hiyo kupumzika si kitu kigeni kwao. Kigeni ni miezi mitatu mfululizo. Ziwa linapofungwa, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, mvuvi anayetii hana kipato, mkewe hana cha kuanika kichanjani, na ada za shule hazijafungwa pamoja na ziwa. Miezi hiyohiyo ndiyo miezi ya mavuno huku juu. Magunia ya mahindi yanapangwa mpaka kwenye baraza, malori yanapishana, na bei ya mahindi iko chini kuliko wakati wowote wa mwaka. Mungu amepanga njaa ya mwambao iangukie kwenye shibe ya uwandani, kana kwamba anatupima.

Na wengine tunauendea mtihani huo na daftari. Mfanyabiashara anateremka na gunia la mahindi mwezi Juni, anampa mvuvi asiye na kitu, na anaandika: madebe kadhaa ya dagaa, kulipwa ziwa likifunguliwa. Agosti ikifika, dagaa waliopumzishwa na nchi nne, waliolindwa kwa doria na kwa uvumilivu wa familia nzima, wanaingia mikononi mwake kwa bei ambayo asingethubutu kuitamka sokoni. Mvuvi anabaki na deni na wavu uliochakaa. Msimu unaofuata hatasubiri Agosti. Atatoka usiku kwa kuiba, na anayemngojea mwaloni na gari ni huyohuyo mwenye daftari, kisha sisi tunanunua mafungu yale sokoni bila kuuliza yametoka wapi Julai, ziwa likiwa limefungwa.

Nimesikia utetezi wa wenye daftari: hiyo ni biashara, na habari za tabianchi ziko kwa Serikali. Ndiyo tabia ileile ya vikao vikubwa, imeshuka mpaka kwenye mizani ya dukani. Makubaliano ya nchi nne yanaweza kuvunjwa na watu kumi wenye magunia, bila hata mmoja wao kuugusa wavu. Na wale wanaotuwakilisha kwenye mikutano ya mbali, wanaodai fidia ya hasara na uharibifu kwa mataifa tajiri, na wana haki ya kudai, wajue kuwa swali la kwanza watakaloulizwa ni fedha hizo zitamfikaje mvuvi. Kama hata gunia la jirani linamfikia likiwa na ndoana ndani, watajibu nini?

Simwambii mtu agawe mali yake bure. Mkulima naye amelima kwa mbolea ya mkopo. Uza, kopesha, pata faida yako ya halali. Lakini ukimkopesha mtu wa mwambao wakati ziwa limefungwa, andika deni kwa shilingi, kwa bei ya mahindi ya siku hiyo, na mwachie auze dagaa wake Agosti kwa bei ya soko, kwako au kwa mwingine. Msomee mbele ya shahidi kabla hajaweka dole gumba. Mpe muda, vipite vipindi viwili au vitatu vya giza baada ya ziwa kufunguliwa, kwa sababu usiku wa kwanza kila mtu anakuwa majini na bei inaanguka. Na asiyeweza kukopesha kwa masharti hayo abaki na gunia lake huku juu, auze kwa wenye malori.