Kuogopa Unachokijua

Kwenye kibanda umiza kimoja hapa Mhunze nilikaa benchi moja na mtoto wa miaka tisa hivi. Ilikuwa filamu ya mizimu, na mwenyewe alikuwa ameshaiona mara nane. Alihesabu kwa vidole. Muziki ulipoanza kunguruma alijifunika uso kwa kola ya shati la shule, akamnong'oneza mwenzake: "Sasa hivi anatokea dirishani." Akatokea dirishani. Mtoto akapiga kelele kuliko watu wote mle ndani, kisha akacheka.

Aliogopa nini, ikiwa alishajua? Nadhani alikuja kuhakikisha kwamba dirisha ni lile lile. Wilaya hii ya Kishapu ni ya pamba: unapanda hujui mvua, unavuna hujui bei. Kule Geita mchimbaji anashuka kwenye duara bila kujua atatoka na mawe ya dhahabu au mikono mitupu, au kama atatoka. Hofu zetu nyingi hazina mwisho unaojulikana. Filamu ya kurudia inao, nawe umeshaushika mkononi kabla taa hazijazimwa.

Wasukuma walilijua hili kabla ya televisheni. Dude Shing'weng'we lilimeza watu na ng'ombe wote, akabaki mama mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Akamzaa Masala Kulangwa, aliyeliua dude na kulipasua tumbo, watu wakatoka hai. Bibi akiruka kipande anaposimulia, wajukuu humrudisha pale pale. Hawataki habari mpya. Wanataka dude limeze vizuri ili lipasuliwe vizuri. Filamu za Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotamba miaka ya 2000, zilirudiwa kwenye vibanda kwa njaa hiyo hiyo, na mwigizaji Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, naye aliingia kwenye giza la filamu za kutisha na Devil Kingdom.

Ila faraja hii ina upande ambao sipendi kuunyamazia. Utamu wa kurudia ni kumjua mbaya mapema: mkitazama mara ya pili, kikongwe anapoingia tu mnaguna wote, "Huyo!" Ndani ya kibanda hilo halimdhuru mtu, maana mwigizaji atanawa rangi arudi kwao. Nje, kwa miaka mingi, mkoa huu wa Shinyanga ulitajwa kwa mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Waliowaua nao walikuwa na uhakika kama wa yule mtoto, wakidhani hadithi wanaijua mpaka mwisho.

Hawakuijua hata mwanzo wake. Tangu enzi za mkoloni miti ya Shinyanga ilifyekwa kufukuza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kupanua mashamba ya pamba. Kuni zikaadimika, bibi akapikia mavi makavu ya ng'ombe. Macho yake yaliiva kwa moshi.