Je, Ramani Inaweza Kumdhulumu Mtu?

Mwaka 2022 jimbo la Oregon, Marekani, lilitoa ramani ya kidijitali iliyoonyesha kila kiwanja kina hatari kiasi gani ya kufikiwa na moto wa nyika. Lengo lilikuwa jema: walio hatarini wafyeke majani makavu na kujenga kwa vifaa visivyoshika moto upesi. Wananchi wengi waliipinga, wakihofia bima kupanda na thamani ya nyumba kushuka. Ramani ikaondolewa mwaka huohuo. Mwaka 2023 sheria ilizikataza kampuni za bima kuitumia kupandisha malipo, lakini hofu ilikuwa imeshaota mizizi. Mwaka 2025 ramani mpya nayo ikafutwa.

Siwalaumu waliopinga. Kwa wengi, nyumba ndiyo akiba ya maisha yao yote. Hata hivyo, mficha maradhi kifo humuumbua: moto hausubiri ramani ndipo uwake. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kusema ukweli, bali kuusema kabla ya kuweka kinga. Anayemwonyesha mwenzake hatari amhakikishie kwanza kwamba ukweli huo hautamnyang'anya nyumba ambayo moto haujaigusa.